Makanisa na Masoko Niliyoyaona Italia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza nilipewa kichwa cha maneno kisemacho "Masomo ya Ng'ambo". Nimemwomba Ndugu Katibu ruhusa ya kukibadili. Habari za mihadhara na mitihani zinafanana kila mahali, na hao waliokaa viti vya nyuma wangesinzia kabla sijafika mwaka wa pili. Nitazungumza juu ya makanisa na masoko ya Italia, nchi niliyokaa tangu 2014 hadi 2017 nikisoma katika Chuo Kikuu cha Bologna.

Wapo watakaouliza: mtoto wa Kiislamu, aliyelelewa katika chuo cha Kurani huko Tanga, alikwenda kutafuta nini makanisani? Jibu la kwanza ni la mfukoni. Fedha zangu za masomo zilikuwa zikichelewa, mara nyingine miezi miwili, na ofisi iliyohusika ilikuwa hodari zaidi wa kuandika barua kuliko kutuma fedha. Mwanafunzi wa namna hiyo, katika mji wa Ulaya, ana mahali pawili tu pa kupitishia siku: kanisani, ambako mara nyingi haulizwi kiingilio, na sokoni, ambako kutazama hakulipiwi. Katika joto la Julai kanisa la mawe ni baridi kama mtungi. Na ukifika sokoni saa saba mchana, wachuuzi wanapoanza kufunga, nyanya zilizolainika utazipata kwa nusu ya bei. Jibu la pili lilikuja polepole, nalo ndilo lililonifanya niombe kubadili kichwa cha maneno.

Kabla sijaendelea, neno moja la adabu. Msikitini tunavua viatu na kubaki na kofia. Kanisani mwanamume huvua kofia na kubaki na viatu. Wiki za kwanza mikono yangu na miguu yangu ilikuwa haielewani kabisa. Na tena, mwenye kutaka kuona makanisa ya Italia asiende adhuhuri. Mengi hufungwa tangu saa sita mpaka saa tisa au saa kumi, na mgeni huachwa juani na njiwa.

Naanza na Bologna. Katikati ya mji pana uwanja mkubwa, na upande mmoja limesimama kanisa la San Petronio. Ujenzi wake ulianza mwaka 1390, na mpaka leo uso wake haujakamilika: chini ni marumaru nyeupe na nyekundu, juu ni matofali matupu, kama mtu aliyevaa suruali ya harusi na fulana ya shambani. Watu wengi hudhani ndilo kanisa la askofu. Sivyo. La askofu ni jingine, San Pietro, lililo karibu na hapo. San Petronio lilijengwa na mji wenyewe, na likabaki mali ya mji hadi 1929.

Ndani yake, sakafuni, umelazwa mstari wa shaba wenye urefu wa karibu mita 67. Ulipangwa mwaka 1655 na mtaalamu wa nyota aitwaye Cassini. Juu darini, kiasi cha mita 27 kutoka sakafuni, pana tundu dogo. Jua likifika adhuhuri, miali yake hupenya humo na kuanguka juu ya mstari kama sarafu ya mwanga. Majira ya joto sarafu hiyo huanguka karibu, majira ya baridi huanguka mbali, na tarehe husomwa kwa mahali ilipoangukia. Cassini alipima pia jinsi sarafu hiyo inavyopanuka na kusinyaa mwaka mzima, akapata ushahidi kwa hoja za Kepler juu ya mwendo wa sayari. Kumbukeni kwamba Galileo alihukumiwa mwaka 1633 kwa kusema dunia inazunguka jua. Miaka 22 baadaye kanisa lenyewe likatumika kuwa chombo cha kupimia mambo hayo. Niliposimama pale nikingoja adhuhuri nilimkumbuka muadhini wetu wa mtaani, na kijiti chake alichokuwa akikisimika uani ili apime kivuli kabla ya kuadhini. Kazi ni ile ile. Yeye hakuwa na mita 67.

Lakini sitawaficha jambo la pili lililomo humo. Katika kikanisa kimoja cha pembeni ipo picha ya ukutani ya jehanamu, iliyochorwa na Giovanni da Modena mwanzoni mwa karne ya 15, akifuata utenzi wa Dante. Ndani ya jehanamu hiyo amewekwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, akiteswa na shetani, na jina lake limeandikwa. Kwa sababu ya picha hiyo yamekuwapo malalamiko na hata vitisho, na mlangoni nilikuta askari wenye bunduki wanaokagua mikoba. Siku niliyoiona nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikulia wala sikugombana na mtu. Nilijiuliza tu kama watu waliojenga chombo kizuri kiasi kile cha kupimia jua walikuwa na haja ya kunitia mimi na wazee wangu motoni.

Kutoka kwenye ngazi zile huhitaji hatua mia moja kufika sokoni. Vichochoro vyake bado vina majina ya kazi: mtaa wa wauza samaki, mtaa wa wafua dhahabu, mtaa wa wauza nguo, mtaa wa watengeneza kufuli. Na katika ukuta wa jumba la mji, penye uwanja, vimechongwa vipimo vya zamani vya Bologna: urefu wa futi yao, urefu wa fito ya kupimia ardhi, ukubwa halali wa tofali na wa kigae cha paa. Mnunuzi aliyeshuku kwamba ameuziwa tofali dogo alilibeba mpaka ukutani na kulipima mbele ya watu. Nilikuwa nikipita hapo kila siku bila kuangalia, mpaka mzee mmoja muuza jibini aliponionyesha kwa kidole. Tangu hapo nikawa nauliza, kila nikiingia kanisani: nani alilipa, alikuwa akiuza nini, na kipimo chake kilikuwa wapi?

Swali hilo linajibika mahali pengi. Florence, kwa mfano, lipo kanisa la Orsanmichele ambalo kwanza lilikuwa soko la nafaka, na vyama vya mafundi na wafanya biashara ndivyo vilivyogharimia sanamu zilizosimamishwa katika kuta zake za nje. Ukilitazama bila kujua utashangaa kwa nini kanisa limejengwa umbo la ghala. Na pale pale Bologna, katikati ya harufu ya samaki, lipo kanisa la Santa Maria della Vita, ambamo mna sanamu za udongo wa kuchoma zilizofinyangwa na Niccolò dell'Arca katika karne ya 15. Zina ukubwa wa mtu, nazo zinamlilia Kristo aliyelazwa chini. Wanawake wawili wa upande wa kulia wanapiga ukemi, vinywa wazi, nguo zikipepea nyuma kama waliokuja mbio kutoka mtaa wa pili. Nimesikia wataalamu wakizisifu kwa maneno marefu. Mimi niliona matanga. Naamini aliyezifinyanga alikuwa amewasikia wanawake wa sokoni wakipokea habari ya msiba.

Kiangazi cha 2016 nikasafiri kwenda Palermo, katika kisiwa cha Sisilia. Kutoka Bologna nilikwenda Roma, na kutoka Roma nikapanda treni ya kusini. Ikifika mlangobahari wa Messina, treni hiyo hukatwa mabehewa na kuingizwa ndani ya meli, abiria wakiwa humo humo, ikavushwa hadi ng'ambo. Niliwaamsha wenzangu wa behewani kuwaonyesha ajabu hiyo. Wao walikuwa wameizoea, wakanilaani kwa lugha yao na kulala tena.

Palermo ilitekwa na Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini mwaka 831, na ikakaa mikononi mwa Waislamu mpaka 1072 ilipochukuliwa na Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1185, mahali palipokuwa msikiti, na kabla ya msikiti palikuwa kanisa. Ukiingia kwa mlango wa kusini unapita chini ya baraza la karne ya 15. Nguzo ya kushoto ya baraza hilo ina maandishi ya Kiarabu.

Nilikuwa nimesoma habari hiyo kitabuni, na bado miguu ilinilegea. Herufi ni za kale, nami sikuwa hodari wa kusoma hata nilipokuwa chuoni. Mwalimu wangu na bakora yake ni mashahidi. Nikaanza kufuatisha neno kwa neno. Ni sehemu ya aya ya 54 ya sura ya Al-Araf, inayohusu uumbaji, usiku na mchana, jua, mwezi na nyota. Inaaminika kuwa nguzo ilitoka katika msikiti wa zamani. Mafundi wangeweza kuichonga upya au kuigeuza maandishi yatazame ukutani. Hawakufanya hivyo. Wakristo wamekuwa wakipita kando yake kwenda misani kwa karne nyingi, na siku ile bibi mmoja mwenye kitambaa cheusi aliniegemezea kikapu chake mguuni, akapumzika penye kivuli, akaendelea na safari.

Katika jumba la mfalme, si mbali na hapo, limo kanisa dogo liitwalo Cappella Palatina, lililojengwa na mfalme Roger wa Pili na kuwekwa wakfu mwaka 1140. Hapo kiingilio kilinigharimu chakula cha siku mbili, na sijuti. Kuta zimefunikwa vijiwe vya dhahabu na rangi, kazi ya mafundi wa mtindo wa Kigiriki. Sakafu ni ya marumaru za kupangwa. Inua macho: dari ni ya mbao, imechongwa vijumba vijumba vinavyoning'inia kama sega la nyuki, ufundi wa Kiislamu mtupu, na juu yake zimo picha ndogo ndogo za wapiga ala na wanyama, pamoja na maandishi ya Kiarabu ya kumtakia mwenye nyumba heri. Ukutani katika jumba hilo limo jiwe la mwaka 1142, la kuadhimisha saa ya maji ya mfalme, limeandikwa kwa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Kumbe hata sikuwa Mwislamu wa kwanza kuduwaa katika makanisa ya mji huo. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alivunjikiwa na chombo karibu na Messina akirudi Hija, akapita Palermo mwishoni mwa 1184. Aliingia katika kanisa linaloitwa leo Martorana, akalisifu mno, na akaandika kwamba siku ya Krismasi wanawake wa Kikristo wa mji walivaa na kujitanda kama wanawake wa Kiislamu.

Hata hivyo msije mkadhani Palermo ilikuwa pepo. Waislamu walizidi kubanwa baada ya wafalme wale wa mwanzo. Tangu miaka ya 1220 Kaisari Frederick wa Pili aliwahamisha kwa nguvu mpaka Lucera, bara ya Italia, na mwaka 1300 mji wao huo ulivunjwa na wengi wakauzwa utumwani. Nguzo ilibaki, wasomaji wake wakaondolewa. Nasema haya kwa sababu nilikutana na vijana wenzangu waliotaka niseme ama Wazungu wote walitupenda zamani, ama wote walituchukia. Mimi nina maoni yangu: aliyechora jehanamu ya Bologna huenda hakuwahi kununua hata kibaba cha chumvi kwa Mwislamu. Waliojenga Palermo walinunua, wakauza, wakaazimana mafundi, na hata walipogombana walijua wanagombana na nani.

Sasa niwapeleke sokoni. Soko la Ballarò liko chini ya kuba la kanisa la Carmine Maggiore, lililofunikwa vigae vya rangi. Wachuuzi hawatulii, hunadi kwa sauti ya kuimba, kila mmoja na mwimbo wake. Huko ndiko nilikogundua kwamba nilikuwa nimekuja na akiba ya maneno bila kujua. Sukari wao huiita zucchero, zafarani ni zafferano, limau ni limone. Na biringani, ingawa limepinda sana mdomoni mwao likawa melanzana, ni jamaa wa neno letu. Kikombe ni tazza, ndugu wa tasa la kunawia. Ghala ni magazzino, na asili yake ya Kiarabu ni ile ile ya hazina. Ushuru wa forodha hulipwa dogana, neno lililotokana na diwani, na bei zilizopangwa ni tariffa, ambayo ni taarifa. Bahari mbili mbalimbali, na wafanya biashara wa lugha moja wameacha mbegu pande zote. Muuza biringani nilipomweleza hayo alicheka, akaniongezea mawili juu ya mizani.

Nilikula panelle karibu kila siku. Ni unga wa dengu uliokorogwa, ukakatwa vipande na kukaangwa, ukatiwa ndani ya mkate. Mtu wa Tanga akifumba macho atasema ni bajia iliyokaliwa.

Wauzaji wa mitaa ile si Wasisilia peke yao. Nilikuta Wagambia, Waghana na watu wa Bangladesh, wengine wakiwa wamevuka bahari kwa namna ambayo hawakupenda kuizungumza. Miezi michache kabla sijafika, Mei 2016, wahuni waliokuwa wakiwatoza wenye maduka fedha za "ulinzi" walikamatwa, na waliothubutu kuwashitaki walikuwa wafanya biashara wa Bangladesh wa mtaa jirani wa Via Maqueda. Wenyeji wengi walikuwa wamelipa kimya kwa miaka. Basi nani mgeni na nani mwenye mji, ni jambo la kufikiriwa.

Hapo Ballarò niliulizwa na Mghana mmoja, Mkatoliki, kama nimekwenda kumwona "yule wa kwetu". Sikumwelewa. Akanipeleka nje kidogo ya mji, mlimani, penye nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù. Aliyekuwa amelazwa humo ni Mtakatifu Benedetto, aitwaye Mweusi, aliyezaliwa Sisilia karibu na mwaka 1526 na wazazi Waafrika waliokuwa watumwa. Hakujua kusoma. Alikuwa mpishi wa watawa, na mwaka 1578 wenzake, ambao kusoma walijua, walimchagua awe mkuu wao. Muda wake ulipokwisha alirudi jikoni. Alifariki 1589 na kutangazwa mtakatifu 1807. Yule Mghana alipiga magoti. Mimi nilisimama nyuma nikavua kofia, na safari hii mikono haikukosea.

Mwezi Julai 2023 moto wa misitu uliipanda milima inayoizunguka Palermo. Uliliunguza kanisa lile, na mabaki ya Benedetto nayo yaliteketea. Habari hiyo nilipewa na rafiki yangu huyo huyo kwa simu. Alizungumza kwa utulivu mpaka alipofika kwenye sanduku la kioo, akanyamaza, nami sikuwa na la kumwambia.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Nimebakiza jambo moja. Mfalme Roger yule wa Cappella Palatina alimpa kazi mwanachuoni wa Kiislamu, Al-Idrisi, ya kuandika habari za dunia yote. Hakumtuma kuzunguka dunia. Waliwaita wasafiri na wafanya biashara, wakawahoji mmoja mmoja, wakashika yale waliyokubaliana na kuacha waliyopingana. Kazi ilikamilika mwaka 1154, wiki chache kabla mfalme hajafa. Na humo, ndugu zangu, katika kitabu kilichotungwa kwa Kiarabu kwa amri ya mfalme Mkristo, imo pwani yetu: imo Malindi, imo Mombasa, na imo habari ya chuma kilichokuwa kikichimbwa na kuuzwa huko. Habari hiyo haikufika Sisilia kwa upepo. Ilipita kinywani mwa wachuuzi, bandari hadi bandari.

Nimeleta nakala ya ramani yake, iliyounganishwa kutoka vipande 70, nami naikabidhi leo kwa maktaba ya shule. Pwani yetu mtaiona imepinda kuelekea mashariki kana kwamba inataka kuifikia China. Mkosoeni Al-Idrisi kwa upole, kwani hakufika. Kusini kuko juu, ndivyo alivyochora. Namwomba Ndugu mkutubi aitundike hivyo hivyo, asiigeuze, na ile misumari miwili nimeileta pia, nikizijua kuta zetu.